Pointi Zinazoponyoka Chupani

Fomu ya jaji wa bia ina pointi 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna bia inavyojisikia mdomoni 5, na 10 za mwisho ni za bia nzima kwa jumla. Pembeni kuna nafasi ndogo ya kuandika hali ya chupa: ukubwa wake, kizibo, bia ilipofikia shingoni. Nafasi hiyo haina pointi hata moja, na labda ndiyo maana mpika bia wa nyumbani huidharau. Atahangaika na vipimo vya kimea na hopsi kwa miezi, kisha kazi ya kujaza chupa aifanye usiku, harakaharaka, akiwa amechoka. Harufu na ladha kwa pamoja ni pointi 32 kati ya 50, na nyingi huponyoka usiku huo.

Fomu hii ni ya BJCP, mpango wa kuwatahini na kuwapa vyeti majaji wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Mashindano yenyewe yalitangulia kidogo. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, ikaondoa marufuku hiyo 1933, lakini sheria iliyofuata ilimruhusu mtu kutengeneza divai nyumbani na ikaiacha bia nje. Watu waliendelea kupika kimyakimya hadi tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuruhusu bia ya nyumbani bila kodi: galoni 100 kwa mwaka, yaani lita 379 hivi, kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na mara mbili yake kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Mwaka huohuo Charlie Papazian na Charlie Matzen wakaanzisha American Homebrewers Association mjini Boulder, Colorado, na mwaka 1979 likafanyika shindano la kwanza la taifa. Majimbo nayo yalikuwa na sheria zake. Mississippi na Alabama hazikukubali mpaka 2013.

Sharti moja halikulegezwa: bia ya nyumbani haiuzwi. Kwa hiyo mpika bia hana mteja wa kumwambia ukweli. Marafiki wanaokunywa bure husifu kila kitu. Anayemjibu kwa maandishi, bila kumjua wala kumwonea haya, ni jaji, na jaji huyo hatakunywa bia iliyo kwenye kegi nyumbani. Atakunywa mafunda machache kutoka chupa moja iliyosafiri na kukaa stoo ya watu asiowajua mpikaji.

Kabla ya kugusa chupa, amua bia itaingia kundi gani. Mwongozo wa mitindo wa BJCP, toleo la 2021, unaeleza kila mtindo kwa harufu, rangi, kilevi na uchungu. IPA ya Kimarekani inatakiwa iwe na kilevi cha asilimia 5.5 hadi 7.5 na uchungu wa IBU 40 hadi 70, IBU ikiwa ni kipimo cha uchungu unaotokana na hopsi. Pale Ale ya Kimarekani ni asilimia 4.5 hadi 6.2, na IBU 30 hadi 50. Mipaka hiyo inaingiliana: bia ya asilimia 6 yenye IBU 45 ina haki ya kuingia kokote kati ya makundi hayo mawili. Mpikaji aliyekusudia IPA huiandikisha kuwa IPA kwa sababu ndivyo alivyokusudia. Jaji hakuiona nia hiyo, anaona glasi tu, na anaandika kwamba hopsi hazitoshi. Kwenye meza ya Pale Ale bia ileile huenda ingemaliza na medali. Onja kwanza, mwongozo ukiwa wazi mbele yako, halafu andikisha ulichokionja.

Viungo navyo vina mtego wao. Ukiandika kwamba bia ina tangawizi, jaji ataitafuta tangawizi, na asipoipata utalipa wewe. Kama imefifia kiasi cha kutosikika, iandikishe bia kwenye kundi lake la kawaida. Ila karanga, maziwa na vitu vingine vinavyowadhuru wenye mzio lazima vitajwe hata kama havionjeki.

Halafu kuna kalenda, ambayo huhesabiwa kinyumenyume kutoka siku ya kuonja. Bia yenye hopsi nyingi inataka kufika mezani ikiwa na wiki chache tu, kwa kuwa harufu yake ndiyo ya kwanza kuondoka. Bia nzito ya barleywine yenye kilevi cha asilimia 10 inaweza kupikwa mwaka mzima kabla, na itakushukuru. Kosa ninalolichukia ni kupeleka bia kwa sababu ipo, wakati miezi mitatu iliyopita ndipo ilipokuwa katika ubora wake.

Sasa, je, bia imemaliza kuchacha? Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki ndani ya bia, ndiyo inayojibu. Soma kipimo, rudia baada ya siku mbili tatu, na kama namba haijasogea, hamira imemaliza kazi. Hili si la kukisia. Kila alama mbili zinazoshuka, tuseme kutoka 1.012 hadi 1.010, huzaa takriban ujazo mmoja wa gesi. Ukisikia bia ina ujazo 2.5, maana yake kila lita ya bia imebeba lita 2.5 za kaboni dayoksaidi, na bia nyingi za kawaida hukaa hapohapo. Chupa uliyokwisha kuitilia sukari ya kutosha, kisha ikapata alama nne za ziada ambazo hukuzihesabu, inakaribia ujazo 4.5. Chupa nyepesi ya kioo haikutengenezwa kwa shinikizo hilo.

Wenyeji wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili bila haidromita. Mbege, inayopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, hunywewa ingali inachacha, kwenye chombo kilicho wazi. Ifungie kwenye chupa na kuibana, itapasuka. Mashindano ya Marekani yana kundi la bia za majaribio ambalo lingeweza kupokea kinywaji cha namna hiyo, lakini atakayetaka kuipeleka mbege huko itabidi aiache imalize kabisa, na Wachaga watamwambia kwamba hapo si mbege tena.

Haidromita haioni kila kitu. Kuna kasoro ambayo bia huibeba ikiwa haina harufu yoyote, kisha ikajitokeza chupani: harufu ya siagi, kama ile ya bisi za sinema. Kemikali yake ni diasetili. Hamira inapochacha huachia mama yake, kitu kisichonusika, ambacho polepole hugeuka kuwa diasetili; hamira yenye afya huila diasetili hiyo na kuimaliza. Ukiipoza bia mapema, hamira inalala na mama anabaki. Bia inaonja safi siku ya kujaza, lakini wiki tatu baadaye, baada ya kupata joto njiani na oksijeni kidogo wakati wa kujazwa, jaji anaandika neno siagi.

Kipimo cha kuigundua ni rahisi na karibu hakuna anayekifanya. Chukua vibakuli viwili vya bia, uvifunike. Kimoja kiweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20 hivi, kisha ukipoze kilingane na kingine. Vinuse vyote viwili. Kama kilichopashwa kina siagi na kingine hakina, bia haijawa tayari: irudishe kwenye joto la chumba siku kadhaa, hamira ikiwa bado ndani, kisha pima tena. Dakika hizo 20 zina faida kuliko saa nyingi za kusoma vitabu vya mapishi.

Njia za kuitia bia gesi ni mbili. Ya kwanza ni ya zamani: sukari kidogo huchanganywa na bia wakati wa kujaza, hamira iliyobaki inaila ndani ya chupa iliyofungwa, na gesi haina pa kutokea. Hesabu yake si ngumu. Bia iliyochachia kwenye nyuzi 20 tayari imebaki na ujazo wa 0.85 hivi, na gramu 4 za sukari ya mezani kwa kila lita huongeza ujazo mmoja. Kwa lita 19 zinazotakiwa kufika 2.5, unahitaji gramu 125 hivi, kwa mizani, si kwa kikombe. Chemsha sukari hiyo kwenye maji kidogo, ipoze, imimine kwenye ndoo ya kujazia, kisha hamishia bia juu yake taratibu kwa mpira unaofika chini ili ichanganyike bila kurushwarushwa. Wanaotia sukari kwa kijiko chupa moja baada ya nyingine watapata chupa moja iliyolala na nyingine inayofoka. Acha chupa zikae kwenye nyuzi 20 hadi 24 kwa wiki mbili, kisha ziweke kwenye baridi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hamira iliyo hai chupani hula sehemu ya oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza. Ubaya wake ni mashapo. Chupa ikitikiswa njiani, unga ule wa chini hupanda, na Pilsner iliyokuwa inang'aa inamfikia jaji ikiwa na ukungu. Kwa bia ya ngano ya Kijerumani, ambayo hutakiwa kuwa na ukungu na gesi nyingi, au kwa bia za Kibelgiji, ningeichagua njia ya sukari bila kusita. Kwa lager safi, hapana.

Njia ya pili ni kuitia bia gesi ndani ya kegi kwa mtungi wa kaboni dayoksaidi, kisha kuijaza kwenye chupa. Bia iliyo kwenye nyuzi 3 chini ya shinikizo la psi 12 hutulia karibu na ujazo 2.6. Hakuna mashapo, na unaionja bia kabla hujaijaza. Hapa ndipo adui mkuu anapoingia, na anastahili aya zake.

Oksijeni huiharibu bia kwa namna mbili zinazofuatana. Kwanza inaondoa: harufu ya embe, chungwa au maua iliyoletwa na hopsi inafifia. Kisha inaweka: ladha ya boksi la karatasi lililolowa, asali iliyokaa, na kwa bia nzito harufu ya divai kuukuu. IPA zenye ukungu, zile zilizojaa oti na hopsi za mwisho, huonyesha madhara hata kwa macho, kwani rangi hugeuka kutoka manjano kuwa ya udongo. Joto huharakisha kila hatua. Nyuzi 10 za ziada zinaweza kuongeza kasi maradufu au zaidi. Hakuna dawa ya kuirudisha bia ilipokuwa. Hewa iliyoingia imeingia.

Kwa hiyo chupa tupu haijazwi ikiwa na hewa. Husukumwa gesi kwanza kwa mrija mrefu unaofika chini kabisa, hewa ikatolewa kwa juu, ndipo bia ifuate kwa mrija huohuo, ikijaa kutoka chini bila kurukaruka. Kuna vifaa maalumu vya kazi hii. Vingine huijaza chupa chini ya shinikizo lilelile la kegi ili gesi isitoroke. Vingine, kama Beer Gun ya Blichmann, ni vyepesi zaidi na huhitaji bia baridi sana na shinikizo dogo. Mwenye mkono mtulivu anaweza kutumia hata mrija wa kawaida uliochomekwa kwenye bomba la kegi, mradi asukume gesi kwanza. Chupa zenyewe zipozwe kabla, kwa sababu bia baridi ikigusa kioo chenye joto hutoka povu, na povu hilo ni gesi inayokukimbia. Wengi huiongezea bia gesi kidogo kwenye kegi siku moja kabla ili kufidia kitakachopotea.

Bia ikifika sentimita mbili na nusu au tatu kutoka mdomoni, usikimbilie kubana kizibo. Gonga chupa kidogo, au ongeza tone la bia, mpaka povu lipande lifike juu kabisa, kisha weka kisoda juu ya povu. Povu hilo ni gesi ya bia yenyewe, nalo limeisukuma nje hewa iliyokuwa shingoni. Ukibana kisoda juu ya shingo tupu, umeifungia bia pamoja na adui yake. Katika mambo yote niliyoyataja hili ndilo rahisi kuliko yote, halina gharama, na ndilo linalosahauliwa.

Usafi nitaupitia upesi kwa kuwa kila mpika bia ameshahubiriwa. Chupa husafishwa kwanza, ndipo hutakaswa. Dawa ya kutakasa kama Star San haiwezi kufanya kazi juu ya uchafu uliokauka. Ipeleke kila chupa kwenye taa uangalie chini. Majaji wamezoea kuona pete nyeupe shingoni, pale uso wa bia unapogusa kioo, na pete hiyo huashiria kwamba vijidudu vya kigeni vimeingia. Hawatakiwi kukata pointi kwa kuiona tu, lakini ni binadamu, wataionja bia wakiitafuta kasoro.

Mashindano mengi hutaka chupa ya kawaida ya aunsi 12, yaani mililita 355, ya kahawia au kijani, isiyo na lebo wala maandishi, ili jaji asijue ya nani. Chagua ya kahawia. Mwanga ukiipiga bia, vitamini B2 iliyomo huunyonya na kusababisha vitu vya uchungu wa hopsi vivunjike. Vipande vyake vikiungana na salfa hutoa harufu ya kicheche, na kiasi kidogo mno kinatosha kufika puani. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani kidogo tu, na cheupe karibu hakizuii chochote. Juani kazi hiyo huisha kwa dakika chache.

Visoda viwe vitupu, vya rangi moja. Chenye nembo kipakwe wino mweusi. Kifuniko hiki hakijabadilika sana tangu William Painter wa Baltimore alipopata hataza yake mwaka 1892, ila sasa vipo vyenye utando wa ndani unaonyonya oksijeni. Utando huo huanza kazi ukilowa, basi usiviloweke mapema. Karatasi yenye namba ya bia hufungwa kwa mpira, haibandikwi kwa gundi.

Kabla ya kutuma, weka chupa moja kando mahali pa joto, nyuzi 30 hivi, kwa wiki moja, na nyingine kwenye friji. Zifungue pamoja. Ya joto inakuonyesha bia yako itakavyokuwa baada ya safari mbaya. Tofauti ikiwa ndogo, kazi yako ya kujaza ilikuwa nzuri. Ikiwa ya joto imegeuka boksi lililolowa na ya friji ingali safi, oksijeni iliingia, na bado una muda wa kujaza chupa nyingine kama kegi haijaisha.

Kuhusu safari, posta ya Marekani haipokei pombe, na kampuni binafsi za mizigo zina masharti yao ya nani anaweza kutuma na kwa njia gani. Ndiyo maana wapika bia wengi hupeleka chupa kwa mkono kwenye duka la vifaa vya kupikia bia, nazo klabu zikazikusanya na kuzisafirisha kwa pamoja. Ikibidi zifungwe kwenye boksi, kila chupa ivishwe peke yake, boksi lote liwe na mfuko wa plastiki ndani, na likitikiswa lisitoe sauti. Zenye mashapo zifike siku kadhaa mapema ili zitulie zikiwa wima kwenye baridi.

Mezani, majaji wawili au zaidi huonja bia ileile, kila mmoja akiandika peke yake kabla ya kuzungumza. Tofauti zao zikizidi pointi 7, hujadiliana mpaka wakaribiane. Pointi 38 hadi 44 huitwa bora sana. 45 na kuendelea ni nadra. Kundi likiwa na bia nyingi, hugawanywa kwa meza kadhaa, na kila meza hupeleka bia zake bora kwenye duru ya pili, ambako hakuna fomu za kujaza, ni majaji kukubaliana tu juu ya ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika duru hiyo hufunguliwa chupa mpya.

Hiyo ndiyo sababu ya kutakiwa chupa mbili au tatu za bia moja. Bia iliyopata 41 asubuhi inaweza kushindwa mchana na chupa ya pili iliyojazwa vibaya kuliko ya kwanza. Andika namba kwenye visoda kwa penseli kadiri unavyojaza, uzifute kabla ya kutuma. Zile za mwanzo, bomba lilipokuwa bado na hewa na joto, na zile za mwisho, kegi ilipoanza kukohoa, zinywe nyumbani. Zitakazosafiri zitoke katikati, zilizojazwa moja baada ya nyingine mkono ukiwa umeshazoea.